Bakuli Halirudi Tupu

Ghubra
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mwanangu Nabatanzi,

Zamani barua ilianza kwa salamu za mistari mitano, karatasi ikaisha kabla ya khabari kuanza. Nilifundisha watoto wa Maskati kuandika hivyo miaka thelathini. Sasa nimestaafu, kwa hiyo nnakuuliza mara moja tu: hujambo? Mie sijambo, ila masikio ndiyo yaliyogoma. Binti yangu Khawla kaninunulia kidude cha kutia sikioni, na nikikivaa nnalisikia friji vizuri kuliko nnavyowasikia watu. Simu siitaki. Wewe unapiga kelele, mie napiga kelele, na anayefaidi mazungumzo ni jirani. Lakini macho yangu mazima, basi niandikie. Jamil hupita mbele ya hoteli yenu kila anapompeleka Khawla kazini, na dereva hajafa kwa kubeba bakuli.

Miezi mitatu tangu uhame kwangu uende hotelini, na bado natoa vikombe viwili vya chai asubuhi. Ulikuja kutoka Uganda kunisaidia kazi za nyumba, na miaka minne si michache. Cha pili hukinywa mwenyewe kikishapoa, kwa hasira.

Bakuli ni lile la bati lenye maua mekundu, lililochubuka ukingoni. Ndani mna mkate wa kumimina, kula na wenzako. Sharti unalijua: bakuli halirudi tupu. Hata ukiwa na limau moja, litie.

Bado wanakuoshesha masufuria?

Mama yako,
Masouda

*

Makaazi ya wafanyakazi, Rusayl
Ijumaa, 7 Novemba 2025
(Haikutumwa)

Mama,

Ndiyo, bado naosha masufuria, lakini kuna mlango umefunguka na sijui nikuambieje.

Ukumbi wetu wa chakula umeleta mvinyo mwekundu kutoka Italia. Ni mchanganyiko wa zabibu za aina mbili, si wa bei ya kutisha wala si wa kujionyesha, ni wa kunywewa na chakula kizito. Bwana Hisham, mkuu wa ukumbi, anatengeneza kadi mpya ya vyakula vya msimu wa baridi. Ametuambia wote wa jikoni, hata wa kwenye sinki, kwamba kila mtu anaweza kuleta chakula kimoja cha kwao kitakachokwenda na mvinyo huo. Chakula kitakachochaguliwa, mwenye nacho anatoka kwenye sinki anakwenda kuhudumia mezani. Alitupa tuonje kidogo, sisi tunaokunywa. Nilipoonja, jambo la kwanza lililonijia ni jikoni kwako.

Nitakuulizaje wewe, Mama, nipike nini cha kuliwa na mvinyo? Wewe hujawahi kuugusa. Na ni wewe uliyenipeleka kanisani Ruwi kila Ijumaa miaka minne, ukanisubiri ndani ya gari na tasbihi yako. Katika mji huu wote nina nyumba moja tu ninayoiita nyumbani, na ni yako. Sinki naweza kulivumilia. Kukupoteza wewe siwezi.

Barua hii siitumi.

Nabatanzi

*

Makaazi ya wafanyakazi, Rusayl
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Mkate wa kumimina uliisha kabla sijakaa. Bado niko kwenye sinki, lakini kuna mashindano jikoni, na nikishinda nitahamia mezani. Nahitaji akili yako.

Hotelini kumeletwa kinywaji chekundu cha zabibu, kutoka Italia. Kila mmoja wetu atafute chakula cha kwenda nacho. Hakina sukari. Kina uchachu kidogo, kama ukwaju uliotiwa maji mengi, na harufu ya zambarau zilizoiva. Kikishapita kinabana ulimi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Zabibu kali wameichanganya na nyingine laini ili mtu asikiogope. Wanakifungua, wanakipumzisha nusu saa, ndipo wanakimimina.

Ungekuwa wewe ungekipa chakula gani?

Nimetia kabalagala, vile vitumbua vya kwetu vya ndizi na unga wa muhogo. Usile vyote siku moja, kumbuka sukari yako.

Wako,
Nabatanzi

*

Ghubra
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mwanangu,

Vitumbua vilikuwa saba. Nilikula vitano kabla Khawla hajarudi, nikampa viwili, nikamwambia vilikuja viwili.

Sasa hilo swali lako. Kinywaji hakina sukari, kina uchachu, kinabana ulimi, kisha kinapumzishwa. Haya. Sitauliza kimechoshwa na kazi gani.

Kitu kinachobana ulimi kinatafuta mafuta, mwanangu, kama kahawa chungu inavyotafuta tende. Ukikipa samaki mwepesi kitamfunika asionekane. Ukikipa pilipili nyingi vitagombana mdomoni mwa mtu. Biriani nayo ina mambo mengi, kila kiungo kinataka kusikilizwa. Wewe wapikie boko boko. Roweka ngano tangu jana yake, ichemshe na nyama ya kondoo yenye mafuta, pamoja na mifupa, mpaka nyama iuache mfupa kwa hiari yake. Toa mifupa, kisha songa. Songa mpaka bega likuulize una ugomvi gani nalo. Mdalasini kijiti kimoja, usizidishe. Juu mwagia samli ya moto na vitunguu vya kukaanga, na vitunguu viungue kidogo ukingoni, maana uchungu ule utafahamiana na hicho kinywaji chako.

Idi nne umesonga boko boko jikoni kwangu, na ya mwisho ulilisonga peke yako mie nikiwa kitandani na nyonga iliyovunjika. Wageni wote walidhani mkono ni wangu. Nami sikuwasahihisha, Mungu anisamehe.

Sambusa hizo za nyama. Jamil kashaonja moja, usihesabu.

Mama yako,
Masouda

*

Makaazi ya wafanyakazi, Rusayl
Alhamisi, 20 Novemba 2025

Mama,

Tumeshinda.

Mwenzangu wa Kerala alileta biriani, mwingine mbavu za ng'ombe zenye pilipili, na yakawa yale yale uliyosema. Bwana Hisham alikula kijiko cha boko boko, akanywa, akala tena. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema Ghubra, jikoni kwa mama yangu. Akasema chakula kizito kikiwa na jina la mtu wageni hukiamini zaidi, akaniuliza mama huyo anaitwa nani.

Kadi zimeshachapwa, Mama. Upande mmoja kipo kile kinywaji, upande wa pili imeandikwa "Boko boko la Bi Masouda wa Ghubra". Nililia nilipoiona. Nilitaka kila anayeingia pale ajue kwamba mimi nina mtu aliyenifundisha. Kadi zinaanza Ijumaa ijayo, na Jumamosi yake naanza kuhudumia mezani.

Nimetia mapera. Hayajaiva sana, unavyoyapenda.

Wako,
Nabatanzi

*

Ghubra
Jumamosi, 22 Novemba 2025

Mwanangu Nabatanzi,

Hongera. Nimefurahi, na nnasema hivyo kwanza ili usije ukasema sikusema.

Jina langu kwenye kadi ya hoteli. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Khawla naye kaisoma, akafungua mdomo kutaka kusema jambo, nikamwambia aufunge.

Basi nitakuja kuiona. Ijumaa ijayo baada ya sala, mie na Taghreed na Balqees, wenzangu wa darsa. Taghreed nimeshamwambia, na ukimwambia Taghreed umeshatangaza redioni. Tutakula hilo boko boko langu, na mtuletee na hicho kinywaji kilichopumzika, tukionje sote watatu.

Au lipo neno unataka kuniambia kabla hatujaja? Kama lipo, liandike mwenyewe. Usimpe Jamil alibebe kichwani.

Halwa ni ya leo, bado ina joto.

Mama yako,
Masouda

*

Makaazi ya wafanyakazi, Rusayl
Jumanne, 25 Novemba 2025

Mama,

Usije Ijumaa. Usiwalete wenzako.

Kile kinywaji ni mvinyo. Nilijua tangu mwanzo nami nikakuficha. Ndani ya bahasha hii utakuta barua niliyoiandika tarehe saba nikaogopa kuituma. Isome, utaona sikuwa na kisingizio ila woga.

Jina lako niliweka bila kufikiri. Niliona heshima tu, sikuona limekaa jirani na nini. Jana nimemwambia Bwana Hisham litoke. Akasema kadi zimeshachapwa, na nikiharibu kazi yake nirudi nilikotoka. Nikamwomba kalamu nyeusi. Kadi zilikuwa arobaini, nimelifuta moja moja, hakuna hata moja linaposomeka. Mezani siendi tena. Niko kwenye sinki.

Bakuli nimeliosha mara saba. Sikutia kitu, Mama. Sijui tena mkono wangu unafaa kutia nini cha kuingia nyumbani kwako.

Nisamehe.

Nabatanzi

*

Ghubra
Jumapili, 7 Desemba 2025

Nabatanzi,

Siku kumi na mbili sikukuandikia. Nilikuwa na hasira, na mwalimu mwenye hasira hasahihishi madaftari, huyachana.

Unadhani nilikasirikia mvinyo. Mvinyo niliujua tangu uliposema kinapumzishwa. Sharbati gani inachoka? Sikukuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa, na hilo kosa ni langu. Ungenijibu, ingenibidi nikukataze, na kukukataza ni kukurudisha kwenye sinki kwa mkono wangu. Nikajibu khabari ya mafuta na ulimi, nikajiambia nnazungumza chakula tu. Mie si mufti. Siunywi, siupendi, na hautaingia nyumbani kwangu mpaka nife. Lakini kazi yako ni baina yako na Mola wako. Nilikungoja nje ya kanisa miaka minne nikilijua hilo, au ulidhani nilikuwa nahesabu magari?

Jina langu, hilo lilinichoma. Hukuniuliza. Umefanya kwa mapenzi, nnajua, mapenzi yako siku zote hutangulia na akili hufuata kwa basi. Ndipo nikaandika kwamba nnakuja na wenzangu, ili unizuie wewe mwenyewe kwa kalamu yako. Taghreed sikumwambia kitu. Kwa hiyo nami nimekudanganya, tumekuwa sawa. Nawe ukanizuia, ukasema kweli, ukalifuta jina kadi arobaini. Nilipoisoma barua ile nilishakusamehe, nikanyoosha mkono kuchukua kalamu. Kisha nikafunua bakuli.

Nitakwambia jambo ambalo hata Khawla halijui vizuri. Bakuli hilo si letu. Ni la Bi Filomena, Mgoa, jirani yetu Unguja nilipokuwa mtoto. Krismasi kwao mvinyo ulikuwa mezani, harufu yake ilivuka ukuta, ndiyo maana maneno yako ya zambarau nikayatambua. Kila Krismasi alituletea vijikate vyake vya nazi, akamwapia mama yangu kwamba havikuguswa na wanachokunywa, na mama akamwamini, akala, akatupa na sisi. Idi ikifika bakuli linarudi kwao na boko boko. Mama hakumuuliza hata siku moja mezani kwake kulikuwa na nini. Aliuliza bakuli tu liko wapi.

Krismasi ya mwisho, ile kabla ya Mapinduzi, bakuli lilikuja kwetu, na kabla Idi haijafika tukahama, kwa haraka, kila mtu na mzigo aliouweza. Mama aliacha cherehani yake akabeba bakuli la mwenyewe, akisema litarudishwa. Bi Filomena hatukumwona tena, wala hatukupata kujua naye alikwenda wapi. Mama kafia hapa hapa Maskati akilitaja. Kila Idi alilijaza boko boko akaliweka mezani, akangoja kidogo, kisha akatwambia tule.

Sasa unajua kwa nini bakuli hilo halikai tupu mikononi mwangu. Na wewe, uliyelijua sharti lake kuliko watoto niliowazaa, umenirudishia linang'aa kama la dukani. Nilikaa nalo jikoni nikalia, Nabatanzi. Sikulia hivyo tangu siku tuliyomzika mama.

Nani kakwambia mkono wako haufai? Mkono huo umeniogesha miezi miwili nilipovunjika nyonga. Umenishika nikaenda msalani na sikuona haya. Mkono huo ukitia chumvi tu katika bakuli, mie nitailamba.

Basi sikiliza, na hili ni agizo. Jina langu lisirudi kwenye kadi ile. Lakini pale palipofutwa pasibaki peusi. Boko boko nilifundisha mie, aliyesonga ni wewe. Mwambie huyo Hisham aandike la Nabatanzi, na akiuliza Nabatanzi ni nani, simama wima umwambie.

Bakuli hili hapa, nimetia tende. Lirudishe kama ulivyofundishwa, mwanangu.

Mama yako,
Masouda

*

Makaazi ya wafanyakazi, Rusayl
Alhamisi, 11 Desemba 2025

Mama yangu,

Jamil aliponipa bakuli nililifungua pale pale kwenye maegesho, nikakaa ukingoni mwa barabara. Alidhani kuna msiba kwetu. Nikamwambia hapana, ni tende.

Kumbe chakula kiliendelea kuagizwa hivyo hivyo na kadi zenye doa jeusi, na wageni wakawa wanauliza hapo palipofutwa palikuwa na nini. Bwana Hisham alichoka kujibu. Jumatatu nilimfuata nikasema ulivyoniagiza, nimesimama wima. Jana kadi mpya zimekuja. Imeandikwa "Boko boko la Nabatanzi". Leo ni siku yangu ya pili mezani. Mgeni mmoja Mwitaliano aliniuliza imekuwaje ngano ya Waarabu ikaelewana hivi na mvinyo wa kwao. Nikamwambia kinachobana ulimi kinatafuta mafuta. Akataka kujua nimesomea wapi. Nikasema nyumbani, basi, jina sikulitaja.

Ndani ya bakuli ni luwombo. Kwetu Buganda anayeheshimiwa hupikiwa chakula chake peke yake: kuku na mchuzi wa karanga, vimefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Jani halifunguliwi jikoni, linafunguliwa mbele yake. Kuku nimemnunua kwa muuzaji wako wa Ghubra, yule unayegombana naye. Sufuria ni mpya, haijawahi kuingia hotelini. Jani ni la mgomba ulio nyuma ya nyumba yako. Jamil amelikata bila ruhusa kwa sababu nilimwomba sana, usimgombeze.

Mama, ningekuwa Bi Filomena, ningekuwa nimekuja kulichukua zamani.

Mtoto wako,
Nabatanzi

*

Ghubra
Ijumaa, 12 Desemba 2025

Mwanangu Nabatanzi,

Juzi niliona mgomba umepungukiwa jani nikamsingizia mbuzi wa jirani. Jamil akaniunga mkono, tena akanielezea na rangi ya mbuzi.

Luwombo nimeifungua mezani, Khawla akitazama. Mvuke uliponipiga usoni miwani ikafunga ukungu, na hilo ndilo nililomwambia Khawla alipouliza kwa nini nnafuta macho. Chumvi imepungua kidogo. Mengine yote nimeyala, na jani nimelikwangua kwa kijiko.

Bakuli nimeliosha na limeshajaa. Lipo mezani limefunikwa, na sikwambii mna nini. Lakini safari hii Jamil simpi. Mama yangu aliliweka mezani Idi baada ya Idi akimngoja mwenye bakuli, na mwenyewe hakuja. Mie sina Idi nyingi hivyo za kungoja.

Jumanne ni siku yako ya mapumziko. Chai nitatoa vikombe viwili. Njoo ulichukue mwenyewe.

Mama yako,
Masouda